Mkate wa Abakosi

Ng'ombe aliyeshuka na treni ya Kongolo juma lile alikuwa mzee kuliko treni yenyewe. Ukimchemsha asubuhi, jioni bado anakutazama. Watu wa mtaa wa Kasuku, pale Kindu, walimnunua kwa sababu hapakuwa na ng'ombe mwingine, wakamtafuna mpaka taya zikaomba msamaha, kisha wakarudi kwenye samaki na sombe ya majani ya muhogo kama watu walioachika.

Sharifa hakurudi. Alikuwa mpiga mashine ya kuandikia katika ofisi moja karibu na stesheni, na jioni alifika nyumbani vidole vimekufa ganzi, hana saa za kumbembeleza ng'ombe mzee. Akaitoa mashine ya kusagia aliyoiacha marehemu babu yake, akaikaza kwenye ukingo wa meza, akamsaga. Mafuta ya mawese kidogo kwenye sufuria, vitunguu vilivyokatwa vidogo mpaka vikatoa jasho, nyama ikafuata, akiikoroga isishikane mabonge. Nyanya mbichi, kijiko cha nyanya ya mkebe, kitunguu saumu, pilipili, chumvi, tone la ndimu, na sukari kidogo ya kuinyamazisha hiyo ndimu. Akauacha mchuzi uchemke polepole mpaka ukawa mzito, wa kushika mwiko. Kisha akaupasua mkate mrefu tumboni, akaushindilia nyama, akaufunga na kuubana kwa kiganja ili ndani yake unywe mchuzi. Ni muda wa kuswali magharibi na kukunja mkeka, chakula kiko tayari.

Mwanzo kilikuwa chakula cha nyumbani tu. Lakini harufu haina adabu. Iliruka ua, ikaenda kuwaita majirani. Majirani wakaja, wakaleta wenzao, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha palikuwa na benchi barazani na watu wanaligombania kila jioni ya siku ya kazi. Mshahara wa ofisini ulikuwa unakuja ukitaka. Benchi ndilo lililokuwa linailisha nyumba, pamoja na nkambo, bibi yake mzee.

Na hapo ndipo Asumani alipoingiza ulimi wake.

Asumani alikuwa mdogo wake Sharifa. Alimaliza sekondari akatoka na diploma moja na maneno ya watu watatu. Jioni moja alikuwa amekaa barazani, mkate mkononi, akaugeuza huku na huku mbele ya wateja kama fundi cherehani anayekagua kazi ya mwenzake.

"Yaya, tazama huyu muntu," alimwambia dada yake. "Amefungwa mpaka kwenye shingo, hana tai, tumbo iko mbele, na ndani kila kitu kimesagwa. Hii njo abakosi."

Abakosi lilikuwa vazi la wakubwa miaka ile: koti lenye vifungo mpaka kooni, lisilotaka tai, kwa maana Baba wa Taifa na chama chake walikuwa wameikataza tai pamoja na suti na majina ya Wazungu. Kulivaa ilikuwa heshima. Kulicheka ilikuwa habari nyingine.

Benchi zima likacheka mpaka mmoja akakohoa pilipili. Sharifa hakucheka.

"Hilo jina ulirudishe ulikolitoa," alisema.

Lakini jina likishatoka mdomoni halirudi kufuata viatu. Haukupita muda, watu wakawa wanaagiza waziwazi. "Abakosi moja, pilipili nyingi." "Yangu uijaze mpaka vifungo vipasuke." Hata wapita njia waliokuwa wakienda zao kwenye kivuko walilibeba, wakavuka nalo mto.

Sasa, mtaa ule ule alikuwa akiishi Zéphirin, mfanyakazi wa reli, ambaye asubuhi moja wakati wa kusalimu bendera alinong'ona kwamba kamba ya bendera inakula vizuri kuliko anayeivuta. Walikuja watu wawili kumchukua, kwa adabu kabisa. Mmoja alimsaidia hata kubeba viatu. Aliporudi kutoka kasho, yaani mahabusu, alikuwa na meno yake yote na vidole vyake vyote. Kitu kimoja tu kilibaki huko ndani. Ukimwambia Zéphirin kichekesho, anautazama mlango.

Asumani alikuwa akilijua hilo. Alilijua kama mtu anavyojua kuwa mto una mamba, na bado anaoga.

Jumanne moja, nyama ikiwa imeshaanza kutoa mafuta kwenye sufuria, Françoise wa nyumba ya pili aliingia uani bila kupiga hodi. Kwenye kitambulisho alikuwa ameshapewa jina lingine la mababu, lakini uani alibaki Françoise. Alikuwa na kikapu kitupu na pumzi fupi.

"Sharifa, Kimwanga amenisimamisha kule sokoni."

Mwiko wa Sharifa ukasimama. Kimwanga alikuwa mkubwa wa vijana wa chama pale mtaani.

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza ule mukate unaitwaje. Nikamwambia mi sijui, mi nakula tu. Akauliza nani aliupa jina." Françoise akamtazama Asumani, aliyekuwa kando ya moto, akaondoa macho. "Akasema leo atakuja kula mwenyewe. Na vijana wawili."

"Vijana wa nini?" Asumani aliuliza. "Mukate moja anaweza kuubeba peke yake."

Hakuna aliyecheka. Asumani mwenyewe aliisikia sauti yake ikianguka chini kama kifuniko cha sufuria.

Françoise aliondoka kwa njia ya nyuma. Sharifa akaanza tena kukoroga, kwa sababu nyama ya kusaga haingoji msiba, ukiiacha inashikana. Alikoroga huku akizungumza na sufuria.

"Leo njo watakufunga weye, na kesho watafunga benchi. Na nkambo atakula nini? Vichekesho vyako?"

"Nitavuka ng'ambo. Nitakaa Alunguli mpaka wasahau."

"Ukivuka, umekubali. Na watanishika miye pahali pako."

Asumani akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilitafuta neno kama mtu anayetafuta funguo gizani, akipapasa, akigonga vitu. Abakosi. Abakosi. Alilikata vipande kama dada yake alivyokata vitunguu.

"Yaya," alisema. "Kama si neno moja?"

"Nini?"

"Kama iko maneno mawili. Aba. Kosi. Aba Kosi. Jina la muntu. Jina la babu yetu wa zamani, aliyekuja na misafara. Wao si wanataka majina ya mababu? Tunawapa babu."

Sharifa alimgeukia, mwiko ukidondosha mchuzi.

"Hatuna babu wa jina hilo."

"Sasa hivi tumempata."

"Na wakimuuliza nkambo?"

Hapo Asumani akatazama chumbani. Bibi yao, nkambo Hadidja, alijulikana Kasuku yote kwa jambo moja: hakuwahi kusema uongo. Siku moja mwizi wa kuku alikimbilia ndani mwake. Wenye kuku walipokuja kuuliza, aliwajibu kwamba mtu wao yuko chini ya kitanda, upande wa ukutani. Kisha akampa mwizi maji ya kunywa kabla hawajamtoa. Huyo ndiye aliyekuwa chumbani sasa hivi, nyuma ya pazia la kitenge, akitia udhu.

"Tusimwambie kitu," Sharifa alisema. "Na tuombe swala yake iwe ndefu."

Jioni ile benchi lililogombaniwa kila siku lingetosha kulaza mbuzi. Habari ilikuwa imetangulia. Wateja walipita upande wa pili wa barabara, wakisalimia kwa kidevu, miguu ikiwa na haraka ambayo mikono haikuwa nayo.

Kimwanga alifika adhana ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Alivaa abakosi ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka inakata, kola imemfika chini ya masikio. Vijana wake wawili walisimama mmoja huku mmoja kule, pembeni ya baraza, kama miimo ya mlango.

"Wasitwayeni, habari ya jioni." Chama kilitaka watu waitane hivyo, wananchi, si mabwana.

"Nzuri, Sitwayeni. Karibu."

Alikaa katikati ya benchi. "Nasikia munauza kitu kitamu."

"Tunauza mukate na nyama," Sharifa alisema.

"Unipe moja."

Aliangalia kila hatua: kisu kikipita tumboni mwa mkate, mwiko wa kwanza, mwiko wa pili, kiganja kikibana. Mkono wa Sharifa ulifanya kazi kama jioni zote. Asumani alimwonea wivu mkono huo.

Kimwanga akaupokea kwa mikono miwili, akaushika mbele ya kifua chake. Hakuula.

"Kinaitwaje?"

"Mukate na nyama ya kusaga."

"Hapana. Hiyo njo vile kiko. Mi nauliza vile kinaitwa."

Upande wa chini wa mkate, pale mchuzi ulipokuwa umeanza kulowesha, palitokea tone jekundu. Asumani aliliona. Lilikuwa dogo, kama jicho la kuku.

"Kinaitwa Aba Kosi, Sitwayeni," alisema. Alilitenganisha vizuri, akaacha nafasi katikati ya kutosha mtu kupita. "Aba, halafu Kosi. Njo jina la mukubwa wetu wa zamani. Alikuja na misafara, akakaa Nyangwe mbele ya kufika huku. Chama kimetufundisha kurudia majina ya mababu. Basi, miye nikasema, hata chakula kiwe na babu yake."

"Ah," Kimwanga alisema. "Otantisite." Lilikuwa neno la chama la kurudia asili.

"Njo hiyo."

"Vizuri sana." Hakutabasamu, wala hakukunja uso. "Babu wa nani?"

"Babu ya nkambo yetu."

"Basi nkambo anamujua."

"Ana umri mukubwa, Sitwayeni. Anasahau."

"Wazee wanasahau mambo ya jana. Mambo ya zamani hawasahau. Yuko wapi?"

"Yuko anaswali."

"Tutangoja."

Wakangoja. Mkate ulikuwa bado mikononi mwake na tone lilikuwa limenenepa. Mkate wa Sharifa hauna subira. Kila aliyewahi kuula anajua kwamba ukishapewa uume mara moja, la sivyo chini yake hulegea na kila kitu humwagika. Asumani alilitazama lile tone na kutazama kifungo cha pili cha abakosi, kilichokuwa chini yake sawasawa, na akamwomba Mungu, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani, amzuilie mchuzi.

Pazia la kitenge likasogea. Nkambo Hadidja alitoka akiwa bado na ushungi wa swala, mkono mmoja ukutani.

"Nkambo, shikamoo," Kimwanga alisema, akainuka nusu.

"Marahaba, Florentin."

Baraza zima likawa baridi. Florentin. Hilo lilikuwa jina lake alipokuwa akija hapo hapo barazani bila suruali, mama yake Élisabeth akiuza maandazi kando ya nkambo. Tangu majina ya Wazungu yapigwe marufuku, hakuna aliyethubutu kumwita hivyo, hata huyo Élisabeth mwenyewe. Kijana mmoja alitazama chini. Mwingine hakutazama chini. Alimtazama Kimwanga, kwa makini, kuona atafanya nini.

Asumani aliliona hilo pia. Akajiuliza, kwa mara ya kwanza, ni nani pale anamlinda nani, na nani anamchunga nani.

"Sasa naitwa Kimwanga, nkambo," alisema polepole.

"Jina zuri. Umekonda."

"Nkambo, nina swali moja. Wajukuu wako wanasema huu mukate una jina la babu yako. Aba Kosi. Wewe unamujua Aba Kosi?"

Sharifa aliuweka mwiko chini bila sauti. Asumani alijua tayari nkambo atakavyojibu. Alishaanza kulisikia lile neno "hapana" likipanda kwenye koo la yule bibi mkweli, akajiona amebeba viatu vyake mkononi barabarani, na mtu mwenye adabu akimsaidia kimoja.

Nkambo alishuka akaketi kwenye ncha ya benchi, karibu kabisa na Kimwanga.

"Umeniuliza jina," alisema, kwa Kiungwana chake cha zamani, Kiswahili cha watu wa misafara, kisicho na haraka. "Mimi nitakujibu jina. Aba ni baba. Ninyi mnasema papa. Wazee wetu waliokuja kutoka pwani walisema aba. Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. Na kosi je, unaijua?"

"Hapana, nkambo."

"Watoto wa siku hizi mnavaa, hamjui mnavaa nini." Akanyoosha mkono, mkono mwembamba wenye harufu ya maji ya udhu, akamgusa Kimwanga nyuma ya shingo, pale kola ilipoishia. Kijana mmoja akapiga hatua mbele, akasita. "Kosi ni hapa. Hapa shingo inaposhika kichwa. Kila mtu ana aba, na kila mtu ana kosi. Asiye na aba katoka wapi? Asiye na kosi, kichwa chake kinakaa juu ya nini?"

Mkono wake ulikuwa bado pale pale.

"Baba anayelinda kosi yako, huyo ndiye aba kosi. Sasa nami nina swali moja. Wewe, Florentin, kosi yako inalindwa na nani?"

Mbali huko stesheni kichwa cha treni kilitoa mvuke. Asumani aliona macho ya Kimwanga yakienda kwa kijana wa kulia, kisha kwa kijana wa kushoto. Wote wawili walikuwa wakisikiliza. Swali lile lilikuwa na jibu moja tu katika nchi nzima, na kila mtoto aliyesimama mbele ya bendera alikuwa akilijua.

"Baba wa Taifa," Kimwanga alisema.

"Baba," nkambo alisema. "Aba. Umelisema mwenyewe. Ni jina baya?"

"Hapana. Haiko jina baya."

"Basi kula, mwanangu. Mchuzi unaanguka."

Lakini mchuzi ulikuwa umeshaanguka. Tone lilishuka likatua juu ya kifungo cha pili, likakaa hapo, jekundu, linang'aa kama nishani. Kimwanga aliuma mkate upesi kuuokoa uliobaki, akauma tena, akatafuna kama mtu aliyekuwa na njaa tangu asubuhi na hakuwa na ruhusa ya kuionyesha. Asumani alijikaza. Kicheko kilikuwa kikimpiga mateke mbavuni kama mbuzi ndani ya gunia, na aliogopa kukitoa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Pilipili ikamfika Kimwanga. Jasho likamtoka. Akaingiza kidole kwenye kola akavuta, na uzi ulioshikilia kifungo cha juu, uliokuwa umechoka zamani, ukakatika. Kifungo kikaruka, kikabingirika chini ya benchi. Kola ikafunguka. Ndani yake, kuizunguka shingo, palikuwa na mstari mwekundu wa ngozi iliyochubuka, wa zamani na wa jana na wa leo, pale koti lilipokuwa likimsugua siku zote kwenye joto lile la Kindu.

Aliushika ule mpasuko kwa mkono, haraka.

"Mupe vijana mukate mmoja mmoja," alimwambia Sharifa. Sharifa akawapa. "Tangulieni. Nakuja."

Vijana wakaondoka wakiuma. Yule wa pili aligeuka nyuma mara moja, kisha chakula kikamshinda.

Kimwanga alingoja mpaka migongo yao ikapotea. Hapo akamgeukia Asumani, na sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya chama.

"Wataniuliza kule juu. Nitasema vile nkambo amesema, na vile miye nimejibu. Musibadilishe hata neno moja. Mukibadilisha, mumenifunga na miye."

"Hatutabadilisha, Sitwayeni."

"Na usicheke, Asumani. Nakujua toka shule. Watu wakilisema hilo jina, weye usicheke." Akasimama, mkono bado kwenye kola. "Miye pia niko na kosi."

Akaenda, amejishika shingo kama mtu mwenye kidonda cha koo.

Sharifa alikaa chini, hapo hapo karibu na moto. Nkambo alikuwa akikunja ncha ya ushungi wake.

"Mimi sikusema uongo," alisema, bila kumtazama mtu. "Lakini nimeuzungukia ukweli mpaka nimechoka miguu. Usinipe tena kazi kama hiyo."

"Ndiyo, nkambo," Asumani alisema.

Majirani walianza kurudi, mmoja mmoja. Wa kwanza alivuka barabara kama anayepita tu, wa pili akajifanya amemfuata wa kwanza. Mtu mmoja alikaa kwenye benchi, akakohoa, akasema kwa sauti nyembamba na kwa adabu yote, "Nipe Aba Kosi moja, mama. Pilipili kidogo." Na watu wote wakatazama mikono yao.

Asumani aliinama akapapasa chini ya benchi. Kifungo kilikuwa hapo, cheusi, chenye matundu manne, kimepakwa mchuzi upande mmoja. Akakiinua kwenye mwanga wa moto. Na hapo hapo, bila kuitwa, kikaja: kichekesho kizuri kuliko vyote alivyowahi kupata, kifupi, kimekamilika, chenye kifungo na shingo na nishani ya nyanya na Baba wa Taifa ndani yake. Kilimfika kwenye ulimi kikiwa cha moto. Benchi zima liliiona sura yake, likangoja. Hata Zéphirin, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya barabara mbele ya mlango wake, aliacha kuutazama.

Asumani akafungua mdomo.

"Meza," nkambo alisema.

Akameza. Kikashuka polepole, kigumu, kama nyama ya yule ng'ombe wa Kongolo kabla haijasagwa.